Entebbe: Si uwanja uliowekwa rehani, ni mapato yake

Katika Divisheni ya Viwanda hapa Mbale, watu waliowahi kupanda ndege ni wachache mno. Mizigo ya viwanda vyetu hupita Malaba kwa malori kwenda na kutoka Mombasa, na Entebbe iko mbali, zaidi ya kilomita 250. Hata hivyo, tangu Novemba 2021, magazeti yalipoandika kwamba Uganda huenda ikaupoteza uwanja wake wa ndege kwa China, maneno hayo hayajaisha vijiweni. Hata wafanyakazi wa eneo la viwanda la Uganda na China, lililozinduliwa hapa mwaka 2018, huulizana: Je, uwanja bado ni wetu?

Jibu ni kwamba ni wetu. Mkopo wenyewe, dola milioni 200 kutoka Benki ya Exim ya China, ulitiwa saini mwaka 2015 kwa riba ya asilimia 2, muda wa miaka 20, na miaka saba ya mwanzo ya kupumua kabla ya kuanza kulipa deni lenyewe. Mwezi Februari 2022, watafiti wa AidData, kituo cha chuo kikuu cha William & Mary nchini Marekani, walitoa hadharani mkataba huo. Hakuna kifungu kinachompa mkopeshaji njia ya kurukia ndege wala jengo la abiria.

Lakini tusishangilie mapema. Mkataba unataka mapato ya uwanja yatangulie kulipa deni hilo kabla ya kazi nyingine yoyote. Unataka pia fedha taslimu ziwekwe katika akaunti maalumu, ambazo benki inaweza kuzichukua deni lisipolipwa. Bajeti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo inahitaji ridhaa ya mkopeshaji. Ukizuka ugomvi, kesi inasikilizwa Beijing.

Mkulima yeyote wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon analijua jambo hili. Mwaka wa shida, ada za shule zinadaiwa, anamwendea mfanyabiashara na kuuza kahawa yake ingali maua. Kule Kagera, Tanzania, nilikosomea wazazi wetu walipokuwa ukimbizini, biashara hiyo huitwa butura. Shamba linabaki kuwa lake, hati haiguswi na mtu. Msimu ukifika, kahawa si yake. Tena mvua ikikosekana, hasara ni ya mwenye shamba, kwani mnunuzi anadai magunia yaleyale.

Kwa Entebbe, mvua ilikosekana mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulifunga uwanja kwa ndege za abiria kuanzia Machi hadi Oktoba 1. Miezi ya kupumua ilikuwa ikihesabika vilevile, na riba pia. Tukumbuke kwamba mkopaji ni Serikali, si Mamlaka peke yake. Mapato ya uwanja yakipungua, pengo linazibwa na Hazina, yaani na kodi ya sukari na sabuni tunayonunua hapa Mbale. Hapo ndipo mtu asiyewahi kuiona ndege kwa karibu anapoingia katika deni.

Waziri wa Fedha, Matia Kasaija, aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge Oktoba 2021, akikiri kwamba baadhi ya vifungu havikupaswa kukubaliwa. Kuomba radhi ni uungwana. Ila miaka sita ilikuwa imepita tangu saini, na mkopeshaji hakuwa na sababu ya kufungua upya mkataba uliomfaa.

Majirani zetu wa Kenya walishtuka mapema zaidi. Mwaka 2024, pendekezo la kampuni ya Adani ya India kuendesha uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.85, liliwafanya wafanyakazi wa uwanja kugoma mwezi Septemba, na suala hilo likafika mahakamani. Novemba 21, Rais William Ruto alilifuta, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni. Njia hiyo haikuwa ya mkopo bali ya kukabidhi uendeshaji, lakini swali lilikuwa lilelile: abiria wakipungua, nani anabeba hasara?

Na sisi tunalo swali jingine huko Kabaale, Hoima, ambako uwanja wa pili wa kimataifa umejengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na wakala wa Serikali ya Uingereza. Entebbe angalau ina abiria wa miaka mingi, na wa kimataifa wanalipa kwa dola. Uwanja wa Hoima ulijengwa kwanza kwa ajili ya kupokea mitambo ya kiwanda cha kusafisha mafuta, na hadi mwaka 2024 kiwanda hicho kilikuwa hakijajengwa. Wabunge wetu wa Mbale wangetuambia kama wameusoma mkataba wa Hoima, na mapato gani yametajwa humo kuwa ndiyo yatakayolipa.