Jiwe Jeusi Shambani: Je, Ni Kimondo?

Ndugu wakulima, wakati wa kulima kwa ajili ya mvua ndefu, mzee mmoja wa skimu alifika katika ofisi yetu ya kilimo hapa Soy akiwa na gunia begani. Bwana Shamba hakuwapo, alikuwa amekwenda kutazama josho, basi mzee akaketi mbele ya meza yangu na kufungua gunia lake. Ndani mlikuwa na jiwe jeusi, zito, ukubwa wa kichwa cha ndama. Plau ilikuwa imelitoa chini ya udongo.

“Karani,” akasema, “naambiwa wewe ulisomea ualimu. Nieleze kama jiwe hili lilitoka mbinguni au halikutoka.”

Nilipomwuliza kwa nini ana haraka, alinieleza kwamba mtu mmoja mgeni amemwambia jiwe hilo ni kimondo, tena kwamba litamletea mamilioni ya shilingi, ila kwanza zitakiwe fedha za kulipeleka kupimwa. Mzee alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa mtamba wake. Siku ya kumtoa mtamba ilikuwa kesho yake.

Nitawaeleza baadaye jiwe lile lilikuwa nini. Lakini kwanza yafaa tujue kimondo ni kitu gani, maana mtu asiyekijua hudanganywa kwa urahisi.

Watu wengi wakiona mwanga unakimbia angani usiku husema nyota imeanguka. Nyota haiwezi kuanguka. Jua letu ni nyota, nalo ni kubwa kuliko dunia mara nyingi sana, basi nyota ingetuangukia pasingebaki mtu wa kusimulia. Kinachoanguka ni jiwe au kipande cha chuma, kilichokuwa kikilizunguka jua kama dunia inavyolizunguka. Vipande vya namna hiyo ni vingi kupita hesabu. Vilivyo vingi ni vidogo kama chembe ya mchanga au punje ya wimbi, navyo huungua juu kabisa na kwisha. Vumbi lake hushuka duniani kila siku, makumi ya tani, juu ya mashamba na bahari, nasi hatulioni.

Sababu ya kuungua ni mwendo. Kimondo huingia katika hewa yetu kwa mwendo wa kilometa 11 hadi 70 kwa kila sekunde moja. Chukueni cha kilometa 20 tu. Safari ya Eldoret mpaka Nairobi, ambayo matatu huenda kwa nusu siku, kimondo hicho kingeimaliza kwa sekunde 15 au 16. Hewa iliyo mbele yake hukosa nafasi ya kupisha, hubanwa, hupata moto mkali, na uso wa jiwe huyeyuka. Jiwe likiwa dogo hewa hulipunguza mwendo mpaka linaanguka kama jiwe lolote lililotupwa kutoka juu sana. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba jiwe la namna hiyo, likifika chini, kwa kawaida haliwi moto. Ndani yake mna baridi ya huko lilikotoka, na ule uso ulioyeyuka ni mwembamba kama ganda la yai. Mtu akikuambia kimondo chake kilichoma nyasi ekari nzima, mwulize vizuri.

Sasa, je, mambo haya hutokea kwetu? Hutokea. Siku ya anga safi twauona Mlima Elgon kutoka hapa Soy. Ng'ambo ya mlima huo uko mji wa Mbale, Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika 40 mchana, watu wa Mbale walisikia mshindo mkubwa angani, kisha mawe yakaanguka kama mvua katika eneo la kilometa 3 kwa 7 hivi. Mabati yalitobolewa. Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa kilo 27, na jumla ya yote ilikadiriwa kilo 150. Mtoto mmoja wa kiume alipigwa kichwani na kijiwe kisichofika gramu 4, lakini kwanza kilipita katika majani ya mgomba, nayo yakakipunguza nguvu, basi hakuumia. Hakufa mtu hata mmoja.

Lakini liko jambo jingine la Mbale ambalo nimelifikiri sana. Miaka ile UKIMWI ulikuwa ukimaliza watu katika Uganda, na dawa hazikuwapo. Baadhi ya watu waliyasaga mawe yale wakala unga wake, wakitumaini kwamba Mungu ameleta tiba. Mimi siwacheki. Mtu aliyezika ndugu wawili kwa mwaka mmoja hushika chochote. Ila ukweli ni kwamba ndani ya mawe yale mlikuwa na madini ya mawe ya kawaida, pamoja na chuma na nikeli, wala hamkuwa na dawa. Kimondo hakiponyi mtu wala ng'ombe. Vilevile hakina sumu ya kuua shamba, wala si ishara ya njaa au ya vita. Mahindi yaliyo kando yake yaleni bila hofu.

Kenya yetu nayo imepata mawe hayo. Tarehe 16 Julai 2011, asubuhi, mawe yalianguka upande wa Thika. Na miaka mingi kabla yake, usiku wa tarehe 28 Januari 1934, kimondo kilianguka Rumuruti, katika Laikipia. Habari ya Rumuruti yanisikitisha kidogo. Jiwe lile lilikuwa la aina isiyojulikana kabla, na wataalamu walipokuja kuitambua aina hiyo waliipa jina la Rumuruti. Leo jiwe la aina hiyo likipatikana Sahara au katika barafu ya kusini mwa dunia, huitwa kwa jina la mji wetu mdogo wa wafugaji. Lakini kipande kilichohifadhiwa cha jiwe lenyewe ni kidogo tu, nacho kiko Berlin, Ujerumani.

Huenda mkauliza, wataalamu wanayatakia nini mawe? Mengi ya mawe haya yana umri wa miaka milioni 4,500 na zaidi, yaani ni mabaki ya vitu ambavyo dunia yenyewe iliumbwa kwavyo. Ni kama mbegu iliyobaki debeni baada ya shamba kupandwa. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka jiwe Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, Tanzania, kama gramu 700. Katika madini yake yamo maji. Mwaka 2020 Wajapani walileta udongo kidogo uliochotwa na chombo chao katika jiwe kubwa linaloelea mbali angani, liitwalo Ryugu, na walipoupima walikuta wafanana sana na jiwe la Ivuna. Wale walipeleka chombo kwa miaka sita kwenda na kurudi. Sisi Afrika ya Mashariki tuliletewa bure.

Tena upande wa Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, kiko kimondo cha chuma kitupu, urefu wake kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa tani 16. Wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi. Serikali ilikiandika katika vitabu vyake mwaka 1930. Kama tisa katika kumi ya uzito wake ni chuma, na kilichobaki karibu chote ni nikeli.

Hayo ni mawe madogo, hata la Mbozi. Yaliyo makubwa ni habari nyingine. Nguvu ya kitu kinachokwenda haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili nguvu huwa mara nne, na mwendo ukiwa mara kumi nguvu huwa mara mia. Jiwe likiwa kubwa sana hewa haiwezi kulizuia, hufika chini na mwendo wake wote, na hapo halichimbi shimo kama jembe, bali hupasuka kama baruti na kurusha ardhi pande zote. Katika Arizona, Marekani, liko shimo lenye upana wa kilometa 1.2 lililofanywa na chuma chenye upana wa mita 50 hivi, yapata miaka 50,000 iliyopita. Karibu zaidi nasi, huko Katanga, Kongo, iko alama ya Luizi yenye upana wa kilometa 17, ambayo wataalamu waliithibitisha mwaka 2011.

Mara nyingine jiwe hupasuka hewani lisifike chini. Mwaka 1908, katika msitu wa Tunguska, Urusi, mpasuko wa namna hiyo uliangusha miti katika eneo la kilometa za mraba 2,000 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya Uasin Gishu yote. Kwa bahati hapakuwa na watu wengi. Tarehe 15 Februari 2013, katika mji wa Chelyabinsk, huko huko Urusi, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka juu angani. Watu waliona mwanga kupita wa jua, wakakimbilia madirishani kutazama. Kishindo kilichukua dakika mbili na zaidi kufika, na kilipofika kilivunja vioo vingi, na watu zaidi ya 1,000 wakaumia. Basi kumbukeni: ukiona mwanga mkubwa wa ajabu angani, ondoka karibu na kioo, waweke watoto mbali na madirisha, ulale chini kidogo. Mshindo hufuata nyuma, kama radi inavyofuata umeme.

Kubwa kuliko hayo yote lilianguka Meksiko miaka milioni 66 iliyopita. Upana wake ulikuwa kilometa 10, na shimo lake lilikuwa pana kuliko safari ya Eldoret mpaka Nakuru. Wanyama wakubwa waitwao dinosau walikwisha wakati huo. Wengi wao hawakupigwa na jiwe. Vumbi na masizi vililiziba jua, mimea ikafa, walao majani wakakosa malisho, na walao nyama wakakosa walao majani. Mfugaji hahitaji kuelezwa zaidi jambo hilo.

Msiogope kupita kiasi. Mawe ya namna ile huja mara moja kwa mamilioni ya miaka, na siku hizi anga inalindwa. Tarehe 6 Oktoba 2008 wataalamu wa Arizona waliona jiwe la mita 4 likija, wakasema litaingia juu ya Sudani. Kesho yake likaingia pale pale walipotaja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum waliokota vipande vyake jangwani, karibu na kituo cha reli kiitwacho Almahata Sitta, yaani kituo cha sita, na mnaona kwamba hesabu yetu na ya Waarabu ni moja. Tena tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani waligonga kwa makusudi jiwe moja la angani kwa chombo chao, na njia yake ikabadilika.

Sasa turudi Soy. Yule mzee aliniuliza pia: “Na mashimo ya Wasirikwa, hayakuchimbwa na mawe hayo?” Swali zuri. Mashimo hayo mnayajua, yako mengi katika Uasin Gishu, na mengine yamefukiwa na plau. Hayo yalifanywa na watu. Bwana Sutton, mchunguzi wa mambo ya kale, aliyachimba katika miaka ya 1960 na kuonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, ya miaka mia kadhaa iliyopita. Tazameni wenyewe: shimo la Sirikwa liko kwenye mteremko, lina mlango upande wa chini, na kando ya mlango pana kichuguu cha samadi ya zamani. Shimo la kimondo huwa na ukingo ulioinuka pande zote, nacho hakina mlango. Menengai na Longonot nazo si za kimondo, zilifanywa na moto wa chini ya ardhi.

Na jiwe la gunia? Kimondo kipya kina ganda jeusi, jembamba, kama masizi ya sufuria. Ukikuta pembe iliyovunjika, ndani huwa kijivu, mara nyingi na chembe za chuma zinazometa. Uso wake huweza kuwa na mabonde madogo kama alama za vidole katika udongo wa mfinyanzi. Hakina vitundu vya mapovu. Ni kizito kuliko jiwe jirani la ukubwa ule ule, na sumaku iliyofungwa uzi huvutwa nacho. Lakini sumaku isikiguse, maana hufuta alama ambazo wataalamu huzitafuta. Kisha sugua pembe yake nyuma ya kigae cha bafuni. Kikiacha mstari mwekundu kama damu, hicho si kimondo, ni mawe ya chuma ya nchi yetu, ndugu wa murramu.

Jiwe la mzee lilikuwa jeusi nje na jeusi ndani, lenye vitundu, na sumaku ilining'inia kimya. Ni lile jiwe ambalo Uasin Gishu yote imelalia, lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Mzee alilitazama muda mrefu. Kisha akaniomba simu yangu, akampigia mnunuzi kumwambia mtamba hauzwi.

Kama siku moja mkiona kweli jiwe likianguka, msilivunje wala kulioshea maji. Lipigeni picha pale lilipo, andikeni tarehe, saa na upande lilikotoka, kisha liwekeni katika mfuko safi, mkavu, na mtoe habari kwa chifu au kwa ofisi yetu, ili ipelekwe kwa wataalamu wa jiolojia au Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Asitozwe mtu fedha za kupimiwa kabla. Lakini kikianguka kitu cha madini kilichoundwa kwa mikono, kama ile pete ya kilo 500 iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, hicho ni kipande cha roketi. Msikisogelee, maana huweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu.

Na anayetaka kuona vimondo bila gharama, angoje usiku wa tarehe 13 Desemba, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa. Toka nje saa nane za usiku, kama hakuna mawingu wala mbalamwezi, ukae mahali pasipo taa, ukiwa umevaa koti zito. Vumbi lile litapita juu ya ghala lako, mstari baada ya mstari, wala halitafika chini.