Nyumba ya Watu Wote Ufukweni mwa Whitstable

Mtu aliyelelewa katika pwani yetu, ambaye tangu utotoni amesikia kwamba mahali pauzwapo pombe ni mahali pa makelele, ugomvi na hasara, hawezi kuingia katika baa ya Kiingereza kwa moyo mwepesi. Na mimi, ambaye kileo hakijapata kupita kooni mwangu, nilisimama kitambo mbele ya mlango wa Old Neptune, katika mji wa Whitstable, jimbo la Kent, kabla ya kuusukuma. Nyumba hiyo imesimama peke yake juu ya changarawe za ufukwe, kuta zake zimevikwa mbao nyeupe, na madirisha yake yameelekea bahari ambayo mwaka 1897 ilipanda kwa tufani ikaivunja. Wenyewe hawakuihamisha. Waliijenga tena pale pale, kwa mbao kuukuu zilizosalimika, na hata leo sakafu yake imeinama kama chombo kilichopwelewa. Nilipoiweka bilauri yangu ya soda ya tangawizi mezani niliona uso wa soda haulingani na ukingo wa bilauri: upande mmoja umekaribia kumwagika, upande wa pili umebakiza upana wa kidole. Wenyeji walioketi karibu yangu hawakuyatazama hayo. Mikono yao imezoea kushika bilauri upande ulio chini.

Neptune alikuwa mungu wa bahari wa Warumi wa kale, lakini watu wa mji huliita jina hilo kwa mkato, Neppy, kama tuitavyo ndugu. Waingereza huziita nyumba za namna hii pabu, na neno hilo ni kifupisho cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote. Maana hiyo ni ya kweli. Mvuvi wa chaza, ambao ndio fahari ya Whitstable tangu zama za Warumi, na ambao wale wa asili huliwa tangu Septemba hadi Aprili, hukaa ubao mmoja na mwalimu, mjane na msafiri, na hapana aulizwaye nasaba yake wala kazi yake kabla ya kupewa nafasi.

Taratibu zake hazikuandikwa ukutani, na mgeni hana budi kuzitambua kwa kutazama. Mtumishi haji mezani. Mtu huiendea kaunta mwenyewe, na ingawa pale hapana foleni ya dhahiri, kila mmoja anajua nani amemtangulia, na mtumishi akighalitika, yule aliyeitwa kabla ya zamu yake humwonyesha mwenziwe. Wanaokaa pamoja hununuliana kwa zamu. Mzee mmoja alininunulia soda ya pili, nami nikamshukuru, nikainuka niondoke, ndipo mama aliyekuwa kaunta aliponiambia kwa sauti ya chini, "Bwana, sasa ni zamu yako." Nilirudi nikalipa, na mzee yule akanisogezea kiti. Tukazungumza hadi magharibi, juu ya maji kujaa na kupwa, jambo ambalo mtu wa Whitstable na mtu wa Lamu wanalielewa sawasawa.

Bia wanayoienzi haitiwi barafu. Hukaa ndani ya pipa katika ghala yenye baridi ya nyuzi 12 hivi, hamira yake ingali hai, kisha huvutwa kwa mpini wa mkono na kujaza kipimo cha painti, yaani mililita 568. Viwanda vikubwa vilipotaka kuiondoa na kuweka bia ya kutiwa gesi, wanywaji waliunda chama cha kuitetea mwaka 1971, nacho kingalipo. Nalitaja hili kwa kuwa ni nadra watu wa kawaida kuungana kulinda ada ndogo ya kila siku, wakashinda.

Serikali nayo ilitia mkono wake. Katika vita vya kwanza vya dunia ilipunguza saa za kuuza, ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe, na desturi ya kufunga milango alasiri, iliyotokana na hofu hiyo, haikuondolewa Uingereza hadi 1988.

Ukijaliwa kufika, msomaji, panda treni kituo cha Victoria, London. Safari ni takriban saa moja na nusu. Nenda alasiri ya siku isiyo na mawingu, agiza unachokunywa, halali yako iwe ni ipi, kisha utoke nje ukae juu ya changarawe na uso wako uelekee magharibi, kwani hapo jua huzama baharini. Na usiondoke kabla ya zamu yako.