Moto Safi Hauji kwa Hotuba

Mwaka 2023 Wajerumani walibishana vikali juu ya sheria ya kupasha joto majumba. Serikali yao ilitaka mitambo mipya itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu, na njia kuu iliyotarajiwa ilikuwa pampu ya joto: mtambo wa umeme unaovuta joto la hewani au ardhini na kuliingiza nyumbani. Hoja kubwa ya wapinzani ilikuwa gharama.

Hoja hiyo haiko mbali na Ihanja, wilayani Ikungi, mkoani Singida, ingawa huko moto wenyewe ni wa jikoni. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni jema. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Hata hivyo, wapo viongozi wanaodhani kuwa mwanakijiji anayeshikilia mafiga ni mkaidi. Yafaa waitazame hesabu yake. Kuni huziokota kwa nguvu zake, na makaa huyanunua kwa kopo. Gesi humdai fedha kwa mkupuo. Mkulima wa alizeti hupata fedha baada ya mavuno, lakini mtungi huisha hata katika mwezi wa njaa.

Ruzuku ya Wakala wa Nishati Vijijini imepunguza bei ya mtungi wa kilo 6. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, kwani mtungi mtupu uliosukumwa uvunguni hauivishi ugali. Dar es Salaam wamekwisha kujaribu mita inayomwezesha mpishi kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Hapana budi utaratibu wa namna hiyo ufike vijijini, na vituo vya kubadilishia mitungi visogezwe karibu.

Nasi wa Visiwani tusiseme hayo ni ya Bara. Sehemu ya makaa yetu huvuka bahari kutoka huko, na mti ukatwao kule ndio uchemshao chungu chetu.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mwananchi yu tayari. Serikali na wafanyabiashara nao waweke mafiga yao.