Michungwa ya Nakivale: Jinsi ya kumdhibiti mdudu mharibifu bila kuwaangamiza wadudu rafiki

Mkimbizi mwenye kipande kidogo cha ardhi katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, hungoja miaka kadhaa kabla ya mchungwa wake kuanza kuzaa. Mti huo ukifa, hasara yake haifidiwi kwa msimu mmoja wa mahindi.

Miongoni mwa maadui wa mchungwa ni mdudu mdogo aitwaye Trioza erytreae, anayestawi katika nyanda za juu zenye ubaridi. Hufyonza utomvu wa majani machanga na kuyaachia vinundu. Baya zaidi, hueneza bakteria wanaoyageuza majani kuwa ya manjano na kuyafanya matunda yabaki madogo na machungu. Ugonjwa huo hauna tiba.

Hata hivyo, mdudu huyo naye ana adui. Nyigu mdogo sana, Tamarixia dryi, hutaga yai kwa mdudu mchanga, na buu linaloanguliwa humla. Katika miaka ya 1970, nyigu hao walipelekwa kisiwani Réunion kutoka Afrika Kusini, na Trioza akatoweka huko. Dawa kali inayoua kila mdudu humwangamiza nyigu pia, na Trioza anaporejea hakuna wa kumzuia.

Hapo ndipo dawa za mimea zinapofaa. Kiini cha mbegu za mwarobaini huwafanya wadudu waache kula na hukwamisha ukuaji wa wachanga wao. Kwa kuwa sumu yake humwingia hasa mdudu anayekula jani au kufyonza utomvu, nyigu na nyuki hudhurika kidogo. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa hulowekwa usiku kucha katika lita 1 ya maji, kisha maji huchujwa na kutiwa sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Hunyunyizwa jioni, kwa sababu jua huidhoofisha upesi na nyuki huwa wamekwisha kurudi mzingani. Mti unaochanua haunyunyizwi.

Lakini si kila dawa ya mmea ni salama. Utupa, unaojulikana pia kwa kuvulia samaki, una sumu inayowaua samaki hao hata ikiwa kidogo. Ukitumiwa karibu na Ziwa Nakivale au mifereji inayoelekea huko, unaweza kuokoa machungwa na kuharibu kitoweo cha jirani.

Wala dawa haiponyi mti uliokwisha kuambukizwa. Mti huo hung'olewa ili usiwe chanzo cha maambukizi. Anayenunua miche Mbarara au kwingineko achunguze majani yake kwanza: yenye vinundu au mabaka ya manjano yasipandwe. Shambani, majani machanga yakaguliwe kila wiki, na dawa inyunyizwe pale tu wadudu waharibifu wanapoonekana.