Dawa za kuua harufu Bunju: zinauzika, lakini nani anazipima?

Ukishavuka Tegeta kwenda Bunju, jijini Dar es Salaam, nyumba nyingi zinategemea makaro, na kila karo linalojaa ni riziki ya mtu. Zamani riziki hiyo ilikuwa ya wenye magari ya kunyonya majitaka. Siku hizi wauza dawa za choo nao wamo: unga au maji yenye bakteria hai, yanayosifiwa kwamba yanamaliza kinyesi na harufu yake.

Muuzaji mmoja kando ya Barabara ya Bagamoyo ana kilio kimoja, na ni cha haki. Mteja anatia dawa chooni usiku. Asubuhi dada wa kazi anasugua sinki kwa klorini na kumwaga ndoo nzima humo humo. Bakteria wanakufa. Baada ya siku chache mteja yuko dukani, anadai hela yake na kuwatangazia majirani kwamba kauziwa unga wa muhogo. Muuzaji anasema biashara inaharibiwa na watu wasiosoma maelezo. Sawa, lakini maelezo hayo mara nyingi hayapo kwa Kiswahili, na pakiti inayoshinda chini ya bati la moto haina wa kuthibitisha kama bakteria wake bado wako hai. Watafiti wa Afrika Kusini waliopima dawa za aina hii kwenye vyoo vya shimo hawakuona zikipunguza kinyesi kwa kiasi cha maana.

Si kwamba bakteria hawawezi kazi. Harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, inayotoka pale uchafu unapooza bila hewa. Mitambo mikubwa huipitisha gesi hiyo taratibu kwenye tabaka la mboji iliyoiva na vipande vya mbao vyenye unyevu. Bakteria waliomo wanaila. Ila panahitajika feni, umeme na mtu wa kuangalia unyevu kila siku, gharama ambayo pakiti ya dukani haiigusi.

Hata kwenye kazi ya kutengeneza mboji yenyewe, ofisa mmoja wa masuala ya taka hurudia takwimu moja: tani 50 kwa siku. Huo ni uwezo wa kiwanda cha Mabwepande, jirani na Bunju, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Uwezo si taka zilizopokelewa, wala si mboji iliyouzwa. Tena hauwaambii lolote kuhusu harufu wakazi wa Mabwepande, wakiwemo waliopewa viwanja huko baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Hao ndio wangeulizwa kwanza.

Taka za sokoni zinazogeuzwa mboji, nyanya zilizopasuka na maganda ya ndizi, zina maji mengi. Rundo likikosa hewa linavunda. Likizidi naitrojeni linatoa amonia inayochoma macho. Tiba yake ni kuligeuza, kulifunika kwa mboji iliyoiva, na kuchanganya maranda mpaka kaboni ifikie sehemu 25 hadi 30 kwa moja ya naitrojeni.

Lakini maranda hayo hayo ndiyo wafugaji wa kuku wanayotandika mabandani, nao wanalipa taslimu. Mboji ikipata wanunuzi wa uhakika, mwenye rundo ataweza kushindana nao bei. Kwa sasa dalili za wanunuzi hao ni chache, na masika yakiingia maji ya ardhini yakajaa makaroni, huenda wenye magari ya kunyonya wakaendelea kuwa ndio wanaovuna zaidi.