Unanunua nyumba? Hesabu pia Gredi ya 7 ya mtoto wako

UKIPELEKWA kuona nyumba ya kununua, kuna mambo utaambiwa hata bila kuuliza. Maji ni ya kisima, hayapotei. Stima ni tokeni. Barabara itawekwa lami hivi karibuni, na hiyo “hivi karibuni” mara nyingi ina umri kuliko mtoto wako. Shule je? “Ziko nyingi tu hapa, boss.” Kisha ajenti anakuonyesha kwa kidole ukuta uliochorwa katuni, na stori ya shule inaishia hapo.

Ukuta huo ni wa chekechea. Mtoi wako ana miaka 3, kwa hivyo unaona mambo yako sawa. Lakini mkopo unaotaka kutia saini ni wa miaka 15, pengine 20. Mtoto wa miaka 3 leo atakuwa anaingia Gredi ya 7 baada ya miaka tisa hivi, na wewe bado utakuwa unalipa benki. Jambo la kuuliza kabla hujatoa dipoziti ni hili: Sekondari Msingi ya umma iliyo karibu na hapa iko wapi, na iko katika hali gani?

Wazazi wetu hawakuhitaji kujiuliza hivyo. Katika 8-4-4, mtoto alisoma shule ya msingi hadi darasa la nane, kisha akabeba sanduku la chuma na godoro kwenda Kidato cha Kwanza, mara nyingi mbali na nyumbani. Nyumba ilinunuliwa kwa kuangalia kazi, kanisa au msikiti, na shamba liko upande gani. CBC ilibadilisha mambo. Sekondari Msingi, yaani Gredi za 7, 8 na 9, ilikusudiwa mwanzoni kuwa ndani ya shule za sekondari. Kisha Jopokazi la Rais lililoongozwa na Prof Raphael Munavu likapendekeza iwe ndani ya shule za msingi, na Januari 2023 darasa la kwanza la Gredi ya 7 likaanzia huko. Kwa hivyo mtoto wa miaka 12 hadi 15 sasa analala kwako na kutembea hadi shule ya mtaa. Mtaa umekuwa sehemu ya elimu yake.

Nina marafiki, mume na mke, waliohamia nyumba yao ya vyumba viwili upande wa Mlolongo mwaka wa 2022, mtoto wao wa kwanza akiwa Gredi ya 4. Nyumba safi, bei waliyoiweza, reli ya SGR si mbali. Shule ya umma iliyokuwa karibu zaidi kwenye ramani ilikuwa ng’ambo ya Barabara ya Mombasa. Kwenye simu ni umbali mfupi. Kwa mguu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, kuna malori ya kwenda bandarini, mabasi ya kwenda Machakos, na mtoto mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Walimpeleka shule ya kibinafsi. Hilo liliwezekana hadi mmoja wao alipopoteza kazi. Nitawarudia.

Huko Marekani jambo hili lina jina na ramani. Anwani yako ndiyo huamua shule ya umma atakayokwenda mtoto, na sehemu ya pesa za shule hutoka kwa kodi ya majumba ya eneo hilo hilo. Mwaka wa 1999 mwanauchumi Sandra Black alichapisha utafiti kuhusu vitongoji vya Boston, akilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule. Alikuta wazazi walilipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba pale ambapo alama za mtihani shuleni zilikuwa juu kwa asilimia 5. Kama una binamu Texas au Minnesota anayenunua nyumba, muulize. Atakutajia shule kabla ya kukutajia jikoni.

Hapa kwetu hakuna mstari kama huo. Shule ya umma inaweza kumpokea mtoto kutoka popote, mradi kuna nafasi. Lakini hiyo “mradi kuna nafasi” ndiyo mstari wetu. Wengi wa wanaoingia Gredi ya 7 ni wale wale waliomaliza Gredi ya 6 kwenye boma hilo hilo, kwa hivyo anayehamia mtaani akiwa na mtoto wa miaka 12 anapata mlango umejaa. Ukitaka kupanga mapema, uliza kuhusu Gredi ya 1 na siyo Gredi ya 7 peke yake.

Nairobi nayo ina ramani yake ya zamani, ambayo hakuna aliyeifuta. Wakoloni waligawa mji kwa rangi: Wazungu magharibi na kaskazini, Wahindi Parklands, Ngara na Pangani, Waafrika Eastlands, kuanzia Pumwani hadi Kaloleni na Makongeni. Shule zilijengwa kwa mgawo huo. Ndiyo sababu hadi leo utapata shule za umma zenye viwanja vipana na miti mikubwa katika mitaa ambayo wenyeji wake wengi hupeleka watoto shule za kibinafsi, huku mitaa yenye watoto wengi zaidi ikibanana kwenye shule chache. Kila asubuhi watoto wa sare huvuka mji kwa matatu kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukinunua Embakasi ukitegemea kwamba mtoto “atasomea tu upande wa Kilimani”, fahamu umenunua pia saa mbili za jam kila siku.

Sasa unalinganishaje? Pesa ya serikali haikusaidii kulinganisha, kwa sababu mgao wa Sekondari Msingi ni ule ule, Sh15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Tofauti hutoka kwingine: ardhi, walimu, hazina ya NG-CDF, na wazazi waliopo.

Anza na ardhi, maana haihamishwi kama mwalimu mkuu. Masomo ya Sekondari Msingi sasa ni 9, na kati yake kuna Sayansi Jumuishi, Kilimo, Sanaa na Michezo, na yale masomo ya awali ya kiufundi. Mengi ya hayo yanahitaji nafasi. Chungulia getini. Kuna mahali pa shamba dogo? Kuna chumba kinachoweza kuitwa maabara bila mtu kucheka? Watoto wa Gredi ya 9 wana choo chao, au wanapanga foleni na wa Gredi ya 1? Halafu uliza swali ambalo watu huona haya kuliuliza: shule ina hatimiliki? Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang’ata Road walirushiwa vitoa machozi na polisi walipoandamana kutetea uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta na wanyakuzi. Uwanja ulirudishwa. Lakini shule isiyo na karatasi katika mtaa ambao bei ya ploti inapanda kila mwaka ni shule inayotazamwa na macho mengine.

Kisha walimu. Usiulize “shule ni nzuri?” Kila mtu atasema ni nzuri. Uliza Sekondari Msingi ina walimu wangapi, wangapi wameajiriwa na TSC kwa masharti ya kudumu, na wangapi ni wanagenzi au wa kulipwa na bodi. Uliza nani anafundisha Hisabati na Sayansi. Ukikuta mwalimu wa Kiswahili na Dini ndiye pia anashika sayansi, simlaumu mwalimu. Anaziba pengo lisilo lake. Ila ni vizuri ujue. Na mtu wa kuuliza si katibu wa shule. Ni mama anayeuza mandazi getini na wazazi wanaosubiri watoto saa tisa unusu.

Jambo jingine ambalo brosha ya nyumba haitakuambia ni uko kaunti gani. Wengi wetu tunasema “naishi Nairobi” tukiwa Ruaka, ambayo ni Kiambu, Syokimau, ambayo ni Machakos, au Kitengela, ambayo ni Kajiado. Kwa bei ya nyumba, kuvuka mpaka ni afueni. Kwa chakula cha mchana huenda isiwe. Mpango wa Dishi na Kaunti ulioanza 2023 humpa mtoto wa shule ya umma ndani ya Nairobi chakula kwa Sh5, anagusisha bangili ya mkononi na anakula. Mpango huo ni wa kaunti ya Nairobi, na mpaka wa kaunti hauangalii ulikozoea kushukia matatu. Hata ndani ya Nairobi, uliza kama Gredi za 7 hadi 9 za shule hiyo zinahesabiwa.

Usiende Jumamosi. Jumamosi kila mtaa ni mzuri. Nenda Jumanne asubuhi, simama kwenye geti la nyumba unayotaka kununua, na utembee hadi shuleni kwa mwendo wa mtoto. Ukikutana na Outering au Thika Road katikati, tafuta daraja la wapita njia, halafu angalia kama watu kweli wanalitumia. Rudi tena jioni. Ukiona kikundi cha watoto wanatembea pamoja wakipiga kelele, hiyo ni dalili nzuri kuliko ubao wa matokeo.

Matokeo yenyewe nayaweka nyuma. KJSEA ya kwanza ilifanywa 2025, na watahiniwa zaidi ya milioni 1.1. Mwaka mmoja wa alama haukuambii mengi kuhusu shule ambayo mtoto wako ataingia baada ya miaka tisa. Tena KJSEA hubeba asilimia 60 tu ya alama za kuwekwa sekondari pevu. Asilimia 20 ni KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni Gredi ya 7 na 8. Hizo za mwisho hufanyiwa hapo hapo mtaani, ndiyo maana naona vifaa na walimu wana uzito kuliko orodha ya walioongoza. Na anwani inarudi tena: kati ya shule 12 ambazo darasa la kwanza lilitakiwa kuchagua kwa Gredi ya 10, 3 zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani. Kwa hiyo angalia pia sekondari za kutwa zilizo karibu.

Baada ya hayo yote, shika kalamu. Tuseme nyumba A ni ghali kwa Sh400,000 lakini mtoto anatembea. Nyumba B ni rahisi lakini inahitaji gari la shule la Sh6,000 kwa mwezi. Miezi 9 kwa mwaka, miaka 3, ni Sh162,000 kwa mtoto mmoja. Kwa watoto watatu unafika Sh486,000, na hapo nyumba ya bei poa si ya bei poa tena. Ukiwa na mtoto mmoja tu, mimi nitakuambia chukua B. Sipendi ushauri wa kujinyonga kwa mkopo kwa sababu ya miaka mitatu ya shule. Unaweza kupangisha yako ukapanga karibu na shule.

Ndivyo walivyofanya wale marafiki. Nyumba ya Mlolongo ina mpangaji, kodi inalipa sehemu kubwa ya mkopo, si yote. Wao wako Donholm, ghorofa ya nne, bila lifti, maji mara tatu kwa wiki. Walianza kutafuta nafasi kijana akiwa bado Gredi ya 5 na wakaambiwa hakuna, wakarudi mara mbili, ya tatu wakapata. Sasa yuko Gredi ya 8. Anatoka nyumbani saa moja kasorobo na anatembea dakika 9, nyingine anazipoteza njiani akiongea na wenzake.