Pikapu inatetemeka ukikanyaga mafuta? Jua kwanza inatetemeka lini

Msimu wa mavuno ukifika Igalula, pikapu hazipumziki. Mpunga, karanga, tumbaku na asali vyote vinataka kufika Tabora mjini, na mara nyingi juu ya mizigo hukaa watu. Zamani mizigo ya njia hii ya misafara ilibebwa mabegani na wapagazi. Leo reli ya kati inapita Igalula, lakini kutoka shambani hadi stesheni au mjini kazi ni ya pikapu. Kwa hiyo gari likianza kutetemeka kila dereva akikanyaga mafuta, wanaoumia ni wengi.

Tumeandaa maelezo haya kwa sababu wenye magari wengi wakiona mtetemo hukimbilia kununua vipuri. Leo plagi, kesho tairi, keshokutwa klachi, na gari bado linatetemeka. Kabla hujatoa shilingi, fanya majaribio matatu. Hayana gharama.

Jaribio la kwanza: gari limesimama

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe mbele na nyuma ya matairi. Toa gia, washa injini, kanyaga mafuta taratibu. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari.

Likitetemeka hapo hapo, usiguse tairi wala propela, kwa sababu hazizunguki. Tatizo liko kwenye injini, au kwenye raba zinazoishikilia, ambazo mafundi huziita maunti. Raba iliyopasuka au kulowa oili huiacha injini irukeruke.

Kwa injini ya petroli, angalia plagi, waya zake na koili. Silinda moja isipochoma, injini inamisi na gari zima linatikisika. Kwa injini ya dizeli, anza na filta. Vijijini dizeli mara nyingi hununuliwa kwa madumu, na maji au uchafu huingia kirahisi. Filta nyingi za dizeli zina kifungulio chini: kifungue, kinga kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha, acha itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Kama hakuna maji na filta ni nzima, ndipo fundi aangalie hewa kwenye mabomba na hali ya nozeli.

Injini nyingine humisi ikiwa na mzigo tu. Ukiona gari linatetemeka na papo hapo linakosa nguvu mlimani, rudi kwenye plagi au filta.

Jaribio la pili: gari linaondoka

Kama limetulia likisimama, lakini linatetemeka ukiondoka na mzigo kisha linatulia likishika mwendo, shuku propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Ukisikia mlio wa "ko!" unapobadili kutoka gia ya mbele kwenda rivasi, shuku zaidi.

Zima injini, weka ufunguo mfukoni, acha mawe kwenye matairi, gari likiwa limetoa gia. Ingia chini bila kupiga jeki. Shika propela, itikise juu na chini, kisha izungushe kidogo huku na huku. Tazama krosi, yaani viungio vya msalaba kwenye ncha zake. Krosi nzima haichezi. Unga mwekundu wa kutu kuizunguka ni dalili kwamba grisi imekwisha na beringi zake zinalika. Propela ikiwa ya vipande viwili, kagua pia beringi ya kati na raba yake.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza, wengi huongeza majani ya springi ili gari libebe magunia zaidi. Nyuma ya gari huinuka, propela hukaa kwa pembe mbaya, na mtetemo huanza hata kama krosi ni mpya. Kama shida ilianza baada ya kuongeza springi, mwambie fundi hivyo. La pili, propela ikifunguliwa lazima irudishwe kama ilivyokuwa. Fundi aweke alama kwa rangi kabla ya kuitoa.

Jaribio la tatu: gari liko kwenye mwendo

Kama mtetemo unaanza likishafika kilomita 70 au 80 kwa saa, achia mafuta taratibu kwenye barabara nzuri. Ukikoma mara moja, rudi kwenye propela na injini. Ukiendelea hadi mwendo upungue, kagua matairi. Usukani ukitikisika, anza na tairi za mbele. Ukiusikia kwenye kiti, angalia za nyuma.

Kaza nati za magurudumu kwanza. Kisha kwangua tope lililokaukia ndani ya rimu, maana tope la upande mmoja linatosha kutikisa gari zima. Angalia tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda. Vyote vikiwa sawa, ndipo upeleke tairi kufanyiwa balansi.

Lini usiondoke kabisa

Dalili ya mvua ni mawingu. Krosi ikikatika mbele gari likiwa na mwendo, propela hudondoka na kuchimba barabara, na gari linaweza kupinduka na watu wake. Kwa hiyo krosi inayocheza, nati zilizolegea au tairi lenye uvimbe, usibebe mzigo wala abiria hadi virekebishwe.

Ukifika kwa fundi, usiseme tu "gari linatetemeka". Mwambie: likisimama au likitembea, mwendo gani, na mzigo au tupu, na linafanyaje ukiachia mafuta. Majibu hayo manne yatamwonyesha pa kuanzia, na wewe hutalipia vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.